Waumini hawaimbi? Soma hii kabla hujashika maiki kuwagombeza

Naandika hii kwa yule ambaye juzi juzi kaitwa na paroko akaambiwa "kamati ya liturujia nakukabidhi wewe, nataka waumini washiriki Misa", halafu akaachwa hapo hapo bila maelezo. Mimi niliambiwa hivohivo. Nilitoka ofisini kwa padri nimefurahi kabisa, nikijua ni kazi ya miezi miwili mitatu, watu wataimba, watajibu kwa nguvu, tutapongezwa, basi. Hahaha. Imechukua muda mrefu sana kuliko huo, imenigharimu urafiki mmoja niliokuwa naupenda, na bado hatujamaliza.

Hali yenyewe ilikuwa hivi na nadhani wengi mtaitambua. Kanisa limejaa. Kwaya inaimba sauti nne zimenyooka, kinanda kinalia vizuri, huwezi kusema kuna kasoro. Watu kwenye mabenchi wanasimama kwa wakati, wanakaa kwa wakati, wanapiga magoti, hakuna fujo, lakini ukipita katikati yao wakati wa wimbo wa mwanzo unachosikia ni spika tu. Padri akisema "Bwana awe nanyi" anayejibu ni kwaya na wale wa mabenchi mawili ya mbele. Wengine midomo inacheza cheza. Padri alikuwa ameshazoea, ila siku moja alituambia kwenye kikao kwamba kuna Jumapili anajihisi anaadhimisha Misa na kwaya, halafu kuna umati umekuja kuangalia.

Tulianza na maiki. Kila Jumapili kabla ya Misa mmoja wetu anasimama mbele, "jamani leo tuimbe, kumsifu Mungu sio kazi ya kwaya peke yake", na Misa ikishaanza anaendelea katikati ya wimbo, "sauti! sauti! huku kushoto siwasikii!". Yaani ilikuwa karaha, nikisikiliza rekodi za kipindi kile naona aibu kwa niaba ya wote. Kumgombeza mtu ili aimbe ni kama kumwamrisha acheke, atafungua mdomo ili umwache. Na walioitika ni walewale waliokuwa wanaimba tangu mwanzo, hao wengine wakaanza kukaa nyuma zaidi.

Ikaja hoja kwamba watu hawaimbi kwa sababu hawana maneno. Tukachangishana tukanunua projekta, hela ambayo kusema ukweli parokia haikuwa nayo. Maneno yakawa ukutani makubwa yanasomeka, ila anayebonyeza anachelewa mstari mmoja, watu wote shingo juu, na hata padri akiinua hostia kuna macho yanasubiri ukutani kitokee nini. Kitu nilichokuja kukigundua baadaye ni kwamba uimbaji ulipanda kidogo kwenye nyimbo ambazo watu walikuwa wanazijua tayari, yaani zile ambazo hata maneno hawakuyahitaji. Kwenye nyimbo wasizozijua hakuna kilichobadilika, maana maneno bila tuni mtu atayafanyia nini? Kama mnafikiria kununua projekta, subirini kwanza, msianzie huko.

Baadae tukaleta nyimbo za kuchangamka. Mwezi wa kwanza raha tupu, makofi mpaka nje. Halafu nikasikiliza vizuri, makofi ndo yalikuwa yamepanda, sauti za watu zilikuwa palepale. Na kuna watu wazima walinifuata wakaniambia kwa upole kabisa kwamba sasa hata kusali hawawezi. Hapo nilichoka. Nilifikia kumwambia padri atafute mtu mwingine, na sio kwa unyenyekevu, kwa hasira.

Kilichonirudisha ni Misa ya asubuhi siku ya kazi. Nilikuwa na shida zangu nikaenda Jumatano moja alfajiri. Hakuna kwaya, hakuna kinanda, maiki imezimwa kabisa maana watu ni wachache. Mama mmoja aliyekaa benchi la tatu akaanzisha wimbo kwa sauti ya chini, ya usingizi kabisa, na kanisa zima likaitikia. Wote. Wanaume pia! "Mtakatifu" ikaimbwa na kila mtu kwa ile tuni ya zamani ambayo kwaya yetu iliiacha miaka mingi kwa kuwa ni ya kishamba. Na nilipogeuka kuangalia, ni watu walewale. Yule baba ambaye Jumapili anakunja mikono mwanzo mpaka mwisho alikuwa anaimba besi!

Kwa hiyo tatizo halikuwa uvivu wa watu. Kulikuwa na kitu tunakifanya Jumapili kinachowanyamazisha, na kazi yangu ikawa kukitafuta.

Nikaacha kukaa mbele. Kila Jumapili nakaa sehemu tofauti, pembeni, nyuma mlangoni, karibu na watoto, na baada ya Misa nauliza watu wawili watatu, sio kwa fomu wala dodoso, tunaongea tu tukiwa tunatoka. Fanya hivi hata kama huna kamati. Mama mmoja akaniambia, "Mwanangu, ule wimbo ukishafika kule juu mimi nabaki nimefungua mdomo tu, sauti inakwamia hapa," akashika koo. Kijana mmoja akasema, "Wale wanaimba vizuri bro, nikiingia mimi nawaharibia." Mwingine akasema kila Jumapili wimbo mpya, akianza kuushika umeshaondolewa. Na mwingine akanijibu swali kwa swali, "kwani tukiimba nani anasikia? Spika lile pale juu ya kichwa changu."

Nikachukua nota za nyimbo za mwezi mzima nikakaa na mpiga kinanda. Karibu zote sauti ya kwanza ilikuwa inapanda hadi mi au fa ya juu. Kwa mwanakwaya aliyepasha sauti sio shida, lakini mtu wa kawaida, saa za asubuhi, hajapasha chochote, tena nusu ya waliopo ni wanaume ambao wanafuata tuni ileile oktava moja chini, anakata tamaa mapema. Kanuni tuliyojiwekea ambayo ningempa mtu yeyote bure ni hii: kipande cha waumini kisivuke mstari wa nne wa stafu (ile mistari mitano ya nota), yaani re ya juu, na kikigusa hapo kiguse na kushuka, kisikae. Chini kisiende sana chini ya do ya kati. Ukizidi hapo shusha ufunguo. Vinanda vingi vya umeme vina kitufe cha kushusha, mpigaji hata hahitaji kujifunza upya. Mpiga kinanda wetu alilalamika kwamba wimbo ukishushwa "unapoa". Sawa upoe, lakini watu mia kadhaa wakiimba wimbo uliopoa hautakuwa umepoa tena.

Kipindi hicho ndo nikaanza kusoma, maana niliona nitaingia kwenye ugomvi na nahitaji kitu cha kushika mkononi. Wengi tunajua kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulisema waumini washiriki, hati yenyewe ya liturujia, Sacrosanctum Concilium, ilipitishwa 4 Desemba 1963 kwa kura 2,147 dhidi ya 4, na namba 14 inasema wazi kushiriki ni haki na wajibu wa mtu kwa sababu ya ubatizo wake. Kwa hiyo sio hisani ya kwaya wala ya kamati. Namba 48 inakataa waumini kuwa kama wageni au watazamaji bubu. Ila wanaosema "haya mambo yamekuja na mtaguso" nao sio sahihi, Papa Pius X alishasema mwaka 1903 kwenye maagizo yake ya muziki wa Kanisa kwamba watu warudishwe kwenye kuimba. Na ukirudi nyuma kabisa, mtakatifu Yustino shahidi akieleza ibada ya Wakristo wa Roma karibu mwaka 155 anataja kwamba kiongozi akimaliza sala ya shukrani watu wote waliopo wanaitikia Amina. Alikuwa anamweleza mfalme mpagani, angeweza kuiruka hiyo Amina lakini hakuiruka.

Kilichobadilisha kazi yetu lakini ni hati nyingine ambayo watu wa kwaya wanaitaja sana bila kuifungua, Musicam Sacram, maagizo ya Kanisa kuhusu muziki, ya Machi 1967. Kuanzia namba 28 inapanga vitu vya kuimba kwenye Misa kwa ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni mazungumzo ya padri na watu: salamu, sala zake na Amina zake, vishangilio vya Injili, yale maneno ya "Inueni mioyo" hadi prefasio yenyewe (ile sala ya shukrani ya padri kabla ya Mtakatifu) na Mtakatifu, Amina kuu ya mwisho wa sala ya Ekaristi, Baba Yetu, amani, kuagwa. Ngazi ya pili ni Bwana utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, Mwanakondoo, sala za waumini. Ngazi ya tatu ndo wimbo wa kuingia, zaburi na Aleluya, wimbo wa vipaji, wa komunyo, hata masomo. Na inasema ngazi ya kwanza inaweza kutumika peke yake, ila ya pili na ya tatu zisitumike bila ya kwanza.

Sasa jiulize parokia yako inafanyaje. Sisi tulikuwa tumeigeuza kichwa chini miguu juu. Wimbo wa kuingia beti sita, wa vipaji mpaka padri anasubiri amekunja mikono, komunyo nyimbo tatu, halafu "Bwana awe nanyi" inasemwa haraka haraka kama vile ni njia ya kupita. Tulikuwa tunahangaika kuwafanya watu waimbe vile ambavyo vinatakiwa viwe vya mwisho, na vile vya kwanza ambavyo ni vifupi, havihitaji kitabu, havibadiliki kila wiki, na hata mtoto wa miaka minne anavishika, hatukuvigusa.

Basi tukaanza upya kutoka hapo. Nikamfuata padri. "Baba Paroko, tunaomba uwe unaimba salamu na prefasio." Akacheka. "Mimi sauti yangu si unaijua?" Nikamwambia naijua, ndo maana nimemleta mpiga kinanda. Mapadri wengi wanaogopa wakidhani wanaombwa kuimba kama kwaya, lakini sala inaweza kuimbwa karibu yote kwenye noti moja, inashuka kidogo mwishoni, imeisha. Tulikaa naye sakristia jioni kadhaa. Wiki za mwanzo alikuwa anaanzia juu mno kwa woga mpaka jibu likawa halifikiki, tukawa tunampa noti kidogo kwenye kinanda, polepole, kabla hajaanza. Hiyo noti ndogo ilisaidia kuliko projekta yote.

Ukitaka kuona kitu kikibadilika haraka anzia hapo. Padri akiimba "Inueni mioyo" watu wakaimba "Tumeiinua kwa Bwana", bila kitabu bila mwongozaji wa kupunga mikono, mtu ambaye hajawahi kuimba kanisani ameimba. Ameshajisikia sauti yake. Mtakatifu inayofuata baada ya prefasio anaingia nayo tu.

Kwa Mtakatifu tukarudisha ile tuni ya zamani ya Misa za alfajiri, tukaishusha kidogo, tukaamua haibadiliki kipindi kizima. Tulipanga majilio yote, tukaongeza mpaka kwaresima inaisha. Mwanzo ulikuwa unasikia minong'ono "kila siku hii hii?", na wanaolalamika karibu wote ni wanakwaya, maana wao wanaifanyia mazoezi wanaichoka, muumini wa kawaida anakutana nayo mara moja kwa wiki na wiki nyingine hayupo kabisa. Wakati kwaya imeshachoka na wimbo ndo kwanza watu wanaanza kuuzoea.

Maiki sasa. Hili dogo lakini lina nguvu. Mwongozaji anaanzisha, watu wakishaingia anarudi nyuma hatua moja au anazima. Spika za juu ya watu tulizipunguza wakati wa vipande vyao. Jumapili ya kwanza kuna sekunde kadhaa za kutisha, unasikia kama wimbo unakufa, mwongozaji wetu alikuwa anarukia maiki kwa hofu. Tukamwambia usiguse, acha. Ikazama, halafu ikapanda, kwa sababu mtu alimsikia jirani yake. Mtu haimbi kwa kusikia spika, anaimba kwa kusikia jirani yake anaimba, ndo maana kanisa lenye watu waliotawanyika mmoja mmoja huku na kule ni gumu sana kuimba hata wakiwa wengi. Misa zenye watu wachache tukawa tunafunga mabenchi ya nyuma kwa kamba. Tulilaumiwa, lakini ilifanya kazi.

Mazoezi na waumini: dakika tano kabla ya Misa, kitu kimoja tu, kiitikio cha zaburi au kama kuna kipya chochote. Usiseme "mnaimba vibaya", usitoe mahubiri. Imba wewe, wajibu, imba tena, wajibu, asanteni, kimya, Misa ianze. Na usifundishe kitu kipya Jumapili mbili mfululizo.

Haya, kwaya. Hapa ndo palipouma.

Kwaya yetu ilikuwa na misa nzuri sana ya kutungwa, yaani nyimbo za Misa zilizotungwa pamoja, sauti nne, Mtakatifu yake peke yake ni ndefu kuliko prefasio na ile sala ya "Kwa hiyo tunakuomba" zikiunganishwa. Nilipokwenda kwenye mazoezi kuwaeleza, nilikuwa nimebeba Musicam Sacram nimeweka alama namba 16 inayosema sio sawa kuiachia kwaya peke yake nyimbo zote na watu wasishiriki kabisa, na namba 34 inayotaka Mtakatifu kwa kawaida iimbwe na watu wote pamoja na padri. Mwalimu wa kwaya hata hakuangalia karatasi.

"Mwenyekiti, hawa watu wanatoka kazini wanakuja hapa Jumatano na Ijumaa, wanaacha watoto nyumbani. Leo unakuja kutuambia tunyamaze?"

"Sijasema mnyamaze Mwalimu. Nimesema Mtakatifu tuimbe wote."

"Wote hawajui sauti."

"Wao sauti ya kwanza inawatosha, hizo tatu ni zenu."

Kukawa kimya. Besi mmoja nyuma akasema, "hilo linawezekana," na Mwalimu akamwangalia vibaya.

Huyo Mwalimu alikuwa rafiki yangu wa siku nyingi. Hatukugombana kwa matusi ila aliacha kunipigia simu, na baada ya muda akahamia kwaya nyingine na waimbaji kadhaa wakamfuata. Kuna Jumapili kwaya ilibaki na waimbaji wawili tu wa sauti ya tena (tenor). Nimeshawaza mara nyingi kama kulikuwa na njia nyingine ya kumwambia, na kitu ninachomshauri mwenzangu ni kwamba hati uisome nyumbani, kwenye mazoezi ya kwaya uende mikono mitupu, tena uende kwanza kuimba nao wiki kadhaa. Na usiende kuwaondolea kitu kabla hujawapa kitu. Sisi tulikuja kuwapa baadaye, wakati wa vipaji au baada ya komunyo kwaya inaimba peke yake, kipande chochote cha sauti nne wanachokipenda, watu wamekaa wanasikiliza na kusali. Na kwenye Mtakatifu wale waliobaki wanabeba sauti tatu za chini pamoja na tuni ya watu. Siku ya kwanza ilipokaa sawa, kanisa zima likiwa sauti ya kwanza, wanakwaya wenyewe walitoka wanaongea hiyo tu. Kama tungeanza na hilo labda Mwalimu angekuwepo.

Baada ya watu kuzoea kushiriki likaja tatizo la upande wa pili ambalo sikulitegemea. Padri akianza "Kwa njia yake, pamoja naye" kanisa zima linaanza kusema naye. Watu wana moyo kweli, ila hiyo doksolojia, yaani maneno ya sifa ya kufunga sala ya Ekaristi, ni ya padri, cha watu ni Amina, na hiyo Amina ndo jibu kubwa kuliko yote kwenye Misa. Watu wakishasema sentensi yote ndefu, Amina yenyewe inatoka imechoka. Tuliirekebisha bila tangazo. Padri akawa anaimba doksolojia badala ya kuisema, watu wakanyamaza wenyewe kwa vile hawajui tuni, na Amina tukaipa mara tatu. Hati ya mtaguso inasema kila mtu afanye sehemu yake yote na iliyo yake tu, na mimi naona hiyo "tu" inatuhusu pande zote, kwaya inayokula vipande vya watu na watu wanaokula kipande cha padri.

Tatizo lingine, kuna wanakamati waliamini mtu hajashiriki mpaka apewe kazi. Kwa hiyo kila Jumapili tunatafuta watu wapya wa kusoma masomo, kubeba vipaji, kusoma maombi, tena wengine wanashikwa mlangoni, "njoo usome somo la pili". Binti mmoja alikwama kwenye majina ya waraka, akarudia, akakwama, akashuka analia, na sijui kama ameshika tena kitabu. Somo la mtu aliyejiandaa wiki nzima linawashirikisha wanaosikiliza, la kushtukiza linawafanya wote wamwonee huruma msomaji. Siku hizi msomaji anapewa somo mapema, anakuja kujaribu maiki, na kama hajafika kuna wa akiba aliyejiandaa.

Na kimya. Kwenye orodha ile ya mtaguso ya namna za kushiriki, kuna vishangilio, majibu, zaburi, nyimbo, matendo na mikao ya mwili, na mwishoni kabisa ukimya mtakatifu. Sisi tulikuwa tumejaza kila upenyo. Tukamwomba padri akisema "Tuombe" anyamaze kidogo kabla ya kuendelea. Wiki ya kwanza watu walidhani kapoteza ukurasa, mhudumu wa altare akaanza kumsogezea kitabu. Wakazoea. Baada ya komunyo pia, wimbo mmoja badala ya mitatu, halafu kinanda kinaacha. Watoto wanaongea hapo, waache waongee.

Kuna mzee mmoja aliwahi kunikera sana moyoni bila yeye kujua. Anakaa safu ya katikati, haimbi, midomo imefungwa, hata baada ya mabadiliko yote. Nilikuwa namhesabu kama kipimo kwamba tumefeli. Siku moja nikamkuta nje nikamuuliza kwa mzunguko, mzee wangu shikamoo, nyimbo za siku hizi unazionaje? Akasema nzuri. Halafu akasema, "Mimi tangu mke wangu atangulie siwezi kuimba mwanangu. Lakini hakuna neno linalonipita pale." Akanitajia zaburi ya siku ile, kiitikio na mashairi. Mimi niliyekuwa nazunguka na maiki na funguo za sakristia nilikuwa siikumbuki. Musicam Sacram namba 15 inaanza na ushiriki wa ndani, akili kuungana na kinachotamkwa, halafu ndo inakuja kwenye wa nje, na inasema watu wafundishwe pia kuungana kwa ndani na kile ambacho kwaya au wahudumu wanaimba. Nilikuwa nimeisoma nikairuka. Siku hizi sihesabu midomo.

Kwa sasa tulipo: majibu yote yanaimbwa Jumapili, Mtakatifu na Amina hazina wasiwasi, Mwanakondoo imeshika, zaburi inategemea na mwimbaji, akiwa mzuri kiitikio kinaruka. Wimbo wa kuingia bado nusu nusu kwa sababu nusu ya watu hawajafika. Ile Misa ya pili yenye vijana wengi inaimba kuliko ya kwanza, isipokuwa mvua ikinyesha hakuna anayesikia kitu na tunarudi kwenye spika.

Utukufu ndo umetushinda. Maneno mengi, hayajirudii, na kanuni za Misa zinakataza kuyabadilisha kwa maneno mengine, kwa hiyo huwezi kuchomeka wimbo wowote wenye neno utukufu kama tulivyokuwa tunafanya zamani. Zinaruhusu uimbwe na wote, au watu na kwaya wapokezane, au kwaya peke yake. Sikukuu kubwa tumewaachia kwaya na nimeona imewarudisha baadhi ya walioondoka. Jumapili za kawaida tunapokezana, na kila wiki tukifika kwenye "mwenye kuondoa dhambi" upande wa kulia unaingia mapema, upande wa kushoto unangoja mwongozaji, mwongozaji anamwangalia mpiga kinanda. Kwaresima hii hauimbwi, tumepata nafasi ya kutafuta tuni nyepesi zaidi, na kama kuna mtu parokia yake imeweza kwa tuni isiyovuka re ya juu, naomba anitumie nota.